Takwimu za wanaopokea mafao ya ulemavu na ugonjwa Nyanda za Juu Kusini: uchukue zipi, uache zipi?

Uliza Mbeya ni watu wangapi wanaopokea mafao ya ulemavu au ugonjwa, utarudi na majibu matano, na kila aliyekujibu atakuwa amesema kweli. Afisa ustawi wa jamii atakutajia idadi iliyomo kwenye daftari. Mratibu wa Mfuko wa Maendeleo ya Jamii (TASAF) atakupa idadi ya kaya. Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii (NSSF) watakupa wanachama wanaolipwa pensheni ya ulemavu, Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF) watakupa madai yaliyolipwa, na yule aliyesoma ripoti ya sensa atakuja na asilimia. Ukizijumlisha zote umeharibu kazi. Ukichukua moja bila kujua inahesabu nini umeharibu zaidi, maana anayejumlisha angalau ataulizwa maswali.

Nimeuandika ulinganisho huu kwa ajili ya watu wanaotafuta namba kwa kazi maalumu: anayeandaa andiko la mradi, diwani anayetaka kusimama kwenye baraza na hoja, mwanafunzi wa chuo anayeandika tasnifu, mwandishi wa habari wa redio ya mkoa. Msimamo wangu niuweke mezani mapema. Ukubwa wa uhitaji upimwe kwa sensa. Waliofikiwa vijijini watafutwe TASAF, walioumia kazini watafutwe WCF. Namba za pensheni ya NSSF ni nzuri, ila si za kulinganishia wilaya na wilaya. Na daftari la kata ni la kuwafikia watu. Ukiligeuza kuwa chanzo cha asilimia utaumbuka.

Kwa nini hakuna namba moja

Kenya kuna Inua Jamii, na ndani yake kuna fungu la watu wenye ulemavu mkubwa, shilingi 2,000 za Kenya kwa mwezi. Ukitaka kujua kaunti fulani ina wapokeaji wangapi, kuna orodha moja ya kuulizia. Uingereza wizara inayohusika na mafao inatoa takwimu za posho ya ulemavu iitwayo PIP, iliyoanza 2013, hadi ngazi ya halmashauri na chini yake. Mtu wa kawaida anakaa kwenye kompyuta yake anaona mtaa kwa mtaa.

Tanzania Bara haina posho moja ya kitaifa ambayo mtu anaipata kwa sababu tu ana ulemavu. Tulicho nacho ni milango kadhaa, na kila mlango una mlinzi wake na sharti lake: uwe umechangia, au uwe umeumia kazini, au kaya yenu iwe maskini kuliko nyingine kijijini, au uwe kwenye kikundi kilichosajiliwa. Kila mlango unahesabu wake. Mwenye ulemavu ambaye hakupita mlango wowote hahesabiwi na yeyote isipokuwa karani wa sensa, tena mara moja kwa miaka kumi.

Sensa

Sensa ya Watu na Makazi ya tarehe 23 Agosti 2022 ndiyo chanzo pekee ambacho swali lilelile liliulizwa Kyela, Ludewa, Chunya na Kilolo. Karani hakukuuliza kama wewe ni mlemavu. Alikuuliza kuhusu ugumu: wa kuona hata ukivaa miwani, wa kusikia, wa kutembea au kupanda ngazi, wa kukumbuka na kuwa makini, wa kujihudumia, wa kuwasiliana. Majibu nayo yana ngazi, kuanzia hakuna ugumu hadi hawezi kabisa. Ndiyo maana mzee wa Rungwe mwenye mtoto wa jicho, ambaye hata siku moja hajajiita mlemavu, anaingia humo, na anastahili kuingia.

Matokeo ya kitaifa yalikuwa asilimia 11.2 ya watu wenye umri wa miaka 7 na zaidi. Hapa ndipo watu wengi wanapoanza kuteleza. Mkoa wa Mbeya ulihesabiwa watu 2,343,754, basi mtu anachukua kikokotoo, anazidisha kwa 11.2, anapata kama 262,500 na kuandika kwa wino mzito kwamba Mbeya ina walemavu laki mbili na sitini na mbili elfu na mia tano. Namba hiyo ina kasoro mbili kwa mpigo. Asilimia 11.2 ni ya nchi, si ya Mbeya. Na ni ya wenye miaka 7 na kuendelea, wakati milioni 2.34 ni watu wote pamoja na watoto wanyonyao. Ofisi ya Taifa ya Takwimu imetoa taarifa za sensa kwa ngazi ya mkoa. Fungua jedwali la mkoa wako, chukua namba ya mkoa wako, yaishe.

Mtego mwingine ni mipaka. Mtu anataka kuonyesha mabadiliko, anaweka Mbeya ya 2012 kando ya Mbeya ya 2022. Ya 2012 ilikuwa na watu 2,707,410, ya 2022 ina 2,343,754. Msomaji atadhani pamepita tauni. Kilichotokea ni kwamba mwaka 2016 Mbozi, Momba, Ileje na Songwe zilikwenda kuwa mkoa wa Songwe, ambao sensa ya 2022 iliukuta na watu 1,344,687. Njombe nayo ilimegwa kutoka Iringa mwaka 2012, kwa hiyo taarifa yoyote ya Iringa ya kabla ya hapo ina Makete na Ludewa ndani yake. Anayetaka kulinganisha miaka aunganishe Mbeya na Songwe, Iringa na Njombe, au ashuke hadi wilaya na kufuatilia wilaya ileile. Njia ya wilaya ni ndefu lakini ndiyo ninayoipenda, maana mkoa unaficha mengi: Jiji la Mbeya na Chunya ziko mkoa mmoja, lakini maisha ya mwenye ulemavu Mwanjelwa na ya yule wa Lupa Tingatinga hayafanani hata kidogo.

Halafu kuna wanaochukua asilimia 7.8 ya utafiti wa ulemavu wa mwaka 2008, wakaiweka mbele ya 11.2 ya 2022, wakatangaza kwamba ulemavu unaongezeka kwa kasi. Ule ulikuwa utafiti wa sampuli, hii ni sensa. Isitoshe, matokeo ya maswali ya aina hii hutegemea umekata wapi: ukihesabu wenye ugumu kiasi unapata namba kubwa, ukihesabu wenye ugumu mkubwa tu inapungua. Kabla hujachora grafu hakikisha mkato ni uleule pande zote mbili.

Udhaifu wa sensa kwa mada yetu ni kwamba inakwambia nani ana ugumu, haikwambii nani analipwa. Ni namba ya chini ya mstari, ile unayogawia. Namba ya juu ya mstari lazima uitafute kwingine.

Daftari la mtendaji

Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 ilileta kamati za watu wenye ulemavu kuanzia kijiji na mtaa kwenda juu, na katika kata nyingi kumbukumbu zinaishia kwenye kitabu kinene cha mistari, kaunta buku kama tunavyoiita. Fungua kimojawapo utaona safu zilizopigwa kwa rula: jina, umri, kitongoji, aina ya ulemavu, simu. Wino wa bluu hadi katikati, kisha mweusi, mwandiko umebadilika kwa sababu mtendaji alihamishwa. Safu ya aina ya ulemavu imejaa maneno mawili matatu yanayojirudia, viungo, macho, viungo, ngozi, bubu, viungo. Kifafa hukioni. Afya ya akili huioni, au imeandikwa kwa neno ambalo singependa kulirudia hapa.

Wanaoandikwa ni wanaoonekana, na wanaokuja. Likitoka tangazo kwamba kuna baiskeli za magurudumu matatu au mafuta ya ngozi kwa wenye ualbino, daftari linanenepa ndani ya wiki. Mwaka usio na mgao linalala. Waliofariki hawafutwi mara zote, na waliohamia Tunduma kutafuta maisha bado wamo. Kwa hiyo kata moja kuwa na majina 40 na jirani yake 110 kunakueleza zaidi juu ya bidii ya ofisi kuliko juu ya ulemavu.

Lakini ukitaka kumfikia mtu, hakuna kinachoishinda. Sensa haitakupa jina hata ukilia. Mwenyekiti wa kitongoji atakupeleka hadi mlangoni. Kama mradi wako ni wa kugawa fimbo nyeupe mia moja, achana na asilimia, kaa na daftari, kaa na chama cha walemavu cha wilaya kilicho chini ya SHIVYAWATA, shirikisho la vyama vya watu wenye ulemavu, mhakiki majina pamoja.

Onyo moja. Kuna watu wanapiga picha kurasa zile na kuzirusha kwenye makundi ya WhatsApp ya mradi. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ianze kutumika, hilo ni kosa la kukufikisha pabaya, maana taarifa za afya ni taarifa nyeti. Na kwa kanda yetu, ambako watu wenye ualbino wamewahi kuwindwa, orodha yenye jina na kitongoji cha mtoto si karatasi ya kuachwa juu ya meza. Omba jumla, acha majina.

TASAF: namba nzuri inayohesabu kitu kingine

TASAF ilianzishwa mwaka 2000, na Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini kama tunavyoufahamu ulianza 2012/13. Kipindi cha pili kilizinduliwa Februari 2020. Kwa vijiji vya Nyanda za Juu Kusini, hii ndiyo hela ya serikali iliyomfikia mwenye ulemavu kwa wingi kuliko nyingine yoyote, kwa sababu haimtaki awe amewahi kuajiriwa. Kaya inaibuliwa kwenye mkutano wa kijiji, inahojiwa, inapimwa kwa vigezo vya umaskini, kisha inalipwa kila baada ya miezi miwili. Kipindi cha pili kiliongeza ruzuku kwa kaya yenye mtu mwenye ulemavu.

Ila soma taratibu: kaya. Bibi wa Makete anayelea mjukuu asiyeweza kutembea anaonekana kwenye orodha kama mlengwa mmoja, jina lake yeye bibi, mwanamke, mzee. Mjukuu yumo ndani ya dodoso. Ukiomba idadi ya walengwa wa halmashauri utapewa idadi ya kaya, na kama hujaomba hasa kaya zenye mwanakaya mwenye ulemavu hutapewa mgawanyo huo. Uombe, maana kipengele hicho cha ruzuku ndicho kinachogeuza orodha ya umaskini kuwa kitu chenye maana kwa mada yetu.

Kosa linalojirudia kwenye maandiko ya miradi ni kugawanya kaya kwa watu: kaya 900 za TASAF zenye ulemavu juu ya watu 9,000 wa sensa, asilimia 10 wamefikiwa. Kaya moja inaweza kuwa na watu wawili wenye ulemavu. Pia asiye maskini kwa vigezo vyao hakustahili tangu mwanzo, basi kumweka kwenye kigawanyo ni kumlaumu TASAF kwa kazi ambayo hakupewa. Sema tu "kaya 900 zenye mwenye ulemavu zinapokea ruzuku" na uishie hapo. Sentensi fupi inayosimama ni bora kuliko asilimia inayoanguka.

NSSF na WCF, ana kwa ana

Hapa ndipo watu wanapochanganya zaidi, na ndipo namba zina utajiri, kwa hiyo tukae kidogo.

Chukua kijana wa Mafinga anayefanya kazi kwenye mashine ya kupasulia mbao, zile wanazoziita dingdong. Msumeno unamkata vidole viwili. Kama mwajiri wake amesajiliwa, huyu ni wa WCF. Mfuko ulianzishwa chini ya Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya 2008 na ukaanza kazi Julai 2015. Mchango unalipwa na mwajiri peke yake. Sekta binafsi ilikuwa asilimia 1 ya mishahara, ikashushwa 0.6, na tangu Julai 2022 ni 0.5 sawa na serikali. Mfanyakazi hakatwi kitu. Mwajiri anatakiwa kutoa taarifa ya ajali ndani ya siku 7, na madai yana ukomo wa miezi 12. Matibabu yanalipwa, na wakati hawezi kufanya kazi analipwa asilimia 70 ya mshahara wake kwa muda usiozidi miezi 24. Akishapona anapimwa kiwango cha ulemavu uliobaki. Kikiwa si zaidi ya asilimia 30 analipwa mkupuo, mara moja, basi. Kikizidi 30 anaingia kwenye pensheni ya kila mwezi.

Sasa mtazame mwalimu wa shule binafsi pale Iringa mjini aliyepata kiharusi nyumbani akiwa amelala. Hakuumia kazini. Huyu ni wa NSSF, pensheni ya ulemavu. Masharti yake ni mengine kabisa: awe amepoteza angalau theluthi mbili ya uwezo wake wa kujipatia kipato, athibitishwe na madaktari, na awe amechangia miezi 180, au angalau 36 ambayo 12 kati yake ni ya karibuni kabla ya ulemavu. Mchango wenyewe ni asilimia 20 ya mshahara, kwa kawaida mwajiri 10 na mfanyakazi 10. Angekuwa mwalimu wa serikali angekuwa PSSSF, mfuko uliozaliwa Agosti 2018 kwa kuunganisha PSPF, LAPF, PPF na GEPF, ambako mwajiri analipa 15 na mtumishi 5.

Kwa takwimu, tofauti hizi zina matokeo makubwa. Kijana wa Mafinga mwenye vidole viwili atatokea kwenye namba za WCF mwaka aliolipwa mkupuo, kisha anatoweka. Bado hana vidole, lakini mwaka unaofuata hahesabiwi. Mwalimu wa Iringa atatokea kwenye namba za NSSF kila mwaka hadi atakapohesabiwa mahali pengine. Kwa hiyo WCF ikisema imelipa watu 200 na NSSF ikisema ina wapokeaji 200, hizo mia mbili hazina undugu. Ya kwanza ni ya maji yaliyopita bombani mwaka huo, ya pili ni ya maji yaliyomo tenkini.

Jambo la pili ni kizingiti. Theluthi mbili ya uwezo wa kipato ni mlango mwembamba. Mtu mwenye ulemavu wa kati, anayejikokota kazini kwa mshahara nusu, hapiti. WCF inamtambua hata mwenye asilimia 8. Ndiyo maana nasema usitumie idadi ya pensheni za ulemavu za NSSF kuonyesha ulemavu uko wapi. Inaonyesha wachangiaji wa muda mrefu wako wapi. Mbeya mjini, Mafinga kwenye viwanda vya mbao na mashamba ya chai ya Mufindi zitaonekana nyingi. Ileje na Wanging'ombe zitaonekana kana kwamba huko watu hawaugui.

Jambo la tatu ni swali dogo la kuuliza ofisini, na ukilisahau namba yako haina thamani: madai yamehesabiwa mahali ajali ilipotokea, mahali mwajiri alipo, au mahali mlipwaji anapoishi? Kampuni zenye mashamba Mufindi na makao Dar es Salaam si chache. Kijana aliyeumia Njombe akarudi kwao Kyela anaweza kuhesabiwa popote kati ya hapo patatu.

Na wapo ambao si wa WCF wala wa NSSF. Mchimbaji mdogo wa Chunya ambaye shimo limemporomokea, dereva wa bodaboda wa Uyole, mkulima wa viazi wa Isyonje aliyeanguka na gunia. Mjiajiri anaruhusiwa kujiunga NSSF kwa hiari, ila hana mwajiri wa kumchangia WCF. Hawa ndio wengi katika mikoa hii. Andiko lolote linalotumia namba za mifuko peke yake limewaacha nje, na ukitaka kuwaona inabidi urudi kwenye sensa.

Nikilazimishwa kuchagua moja kati ya hizi mbili kwa habari ya mkoa, nitachukua WCF. Inakwenda na wakati, inaonyesha sekta gani inaumiza watu, na inaweza kubadilisha mwenendo wa mwajiri. Kwa makadirio ya mzigo wa muda mrefu, mfano mtu anaandika juu ya familia zinazoishi kwa pensheni, NSSF na PSSSF ndizo.

Ugonjwa, ambao hauhesabiki

Mafao ya ugonjwa ni hadithi fupi. Kwa mfanyakazi wa kawaida wa sekta binafsi, anayemlipa akiugua ni mwajiri. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa siku 126 za likizo ya ugonjwa katika mzunguko wa miezi 36: siku 63 za kwanza mshahara kamili, 63 zinazofuata nusu. Anapeleka karatasi ya daktari, anapewa ED, yaani ruhusa ya kutofika kazini kwa ugonjwa, jina lake linabaki kwenye faili la ofisi ya rasilimali watu. Halitoki nje. Hakuna ofisi ya mkoa inayokusanya siku hizo na kuzitangaza. Hata Uingereza, yenye takwimu nyingi kiasi kile, malipo ya ugonjwa hulipwa na mwajiri hadi wiki 28, na mgonjwa huonekana kwenye takwimu za mafao akishaingia kwenye posho za serikali.

Kwa hiyo ukikutana na jedwali lenye kichwa "wanaopokea mafao ya ugonjwa Mbeya", uliza limetoka wapi. Mara nyingi utakuta ni mahudhurio ya hospitali, au ni wanachama wa bima ya afya. Bima inamlipa daktari. Hela ya unga nyumbani haimo.

Ile asilimia mbili

Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Naiweka hapa kwa sababu tu watu huiorodhesha kama mafao. Ni mkopo, unarudishwa. Piga hesabu: halmashauri yenye mapato ya shilingi bilioni 3 ina milioni 60 za walemavu. Kila kikundi cha watu watano kikipewa milioni 6, hao ni watu hamsini kwa wilaya nzima. Kama utaitumia, kumbuka mikopo ilisimamishwa Aprili 2023 na kurejea 2024, kwa hiyo grafu yako itakuwa na shimo pale katikati ambalo halina uhusiano wowote na mahitaji ya watu.

Kwa kazi yako wewe

Diwani anayetaka bajeti ya halmashauri iongezwe: sensa ya wilaya upande mmoja, kaya za TASAF zenye mwenye ulemavu upande mwingine, na mikopo ya asilimia mbili iliyotoka kweli, si iliyotengwa. Kati ya iliyotengwa na iliyotoka ndipo hoja ilipo.

Mwandishi wa habari: WCF kwa ajali za kazini, na uende na mtu mmoja aliyeumia. Ukiandika juu ya ajira za watu wenye ulemavu, sheria ya 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na asilimia 3 ya wenye ulemavu. Hiyo haiko kwenye ripoti ya mfuko wowote, utazunguka kiwanda kwa kiwanda.

Mwanafunzi: ushauri wangu ni kuchagua wilaya moja na vyanzo viwili, ueleze kwa kina vinapotofautiana. Tasnifu yenye mikoa minne na vyanzo vyote nimeona zinavyoishia.

Shirika dogo linaloomba fedha kwa mfadhili: sensa kwa ukubwa wa tatizo, daftari la kata lililohakikiwa kwa idadi ya watakaohudumiwa, na sentensi moja inayosema wazi kwamba hizo ni namba mbili za aina mbili. Wafadhili wanaojua kazi yao wanaipenda sentensi hiyo.

Na namba ambazo hazipo mtandaoni ziombe kwa barua. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 inampa mwenye taarifa siku 30 za kukujibu. Kwa halmashauri, barua inakwenda kwa mkurugenzi. Ukimpa afisa mkononi atakwambia mwenyewe uipitishe masijala. Andika mwaka unaoutaka, wilaya, na kitu kinachohesabiwa: watu, kaya au madai. Andika kama unataka wapokeaji wapya wa mwaka huo au wote waliopo. Taja kwamba huhitaji majina. Bandika nakala ya kitambulisho, gongesha muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yako, na uandike pembeni jina la aliyeipokea, maana siku ya 31 utamhitaji.